Ulimjua nani?

Ndani ya kava ya simu yangu kuna kikaratasi. Kimechanwa kutoka daftari la hesabu, lile la vijumba, kimeandikwa kwa bairo nyekundu: "Wewe kazi ulipata kwa kumjua nani?" Basi. Hakuna jina, hakuna salamu, hakuna hata samahani dada. Ni wiki ya tatu sasa na kila nkivua kava kupangusa simu nakiona, na masikio yanawaka vilevile kama siku nliposomewa mbele za watu.

Ngoja nianze mwanzo. Kuna watu hapa mtaani kwetu Mombasa, walimu wawili, mama mmoja wa kanisa, ustadh mmoja na vijana waliomaliza chuo wako nyumbani hawana kazi, wameamua likizo ya Aprili wasiwaache watoto wa sekondari wazurure tu. Wakaanzisha programu ya Jumamosi nne, ya kuwaonyesha watoto kazi ziko aina gani na kuwafunza uongozi kidogo. Mfadhili hakuna, tishati hakuna, bango lenyewe lilichapishwa kwa mkopo na nadhani deni bado halijalipwa mpaka leo. Mwalimu wangu wa zamani wa jiografia ndiye aliyenipigia, na wajua mwalimu wa zamani akikupigia hata uwe na watoto wako watatu bado wasimama wima, nkasema naam mwalimu, sawa mwalimu, nkajikuta nshakubali kabla hata sijaambiwa ni siku gani.

Mimi natoa mizigo bandarini. Klaring. Ndimi yule mtu akaaye kwa kompyuta akijaza maelezo ya kastamu, kontena lina nini, limetoka wapi, limenunuliwa bei gani, lalipa ushuru kiasi gani, na nkikosea tarakimu moja kontena linakaa na kila siku linalokaa kuna mtu huko analipa na simu yangu haipoi. Kwa watu wa nje ni kazi isiyo na jina. Mamangu akiulizwa na majirani nafanya nini husema "yuko bandarini" kwa ile sauti ya kufunga mlango.

Jumamosi ya kwanza nlikwenda na maonyesho yangu ya pojekta, nimekesha usiku kuyapamba na mishale na rangi, kufika tu stima ikapotea. Watoto arobaini na mbili wamekaa kwa viti vya plastiki, joto la Aprili mwalijua, feni zimesimama juu kama popo. Wengi ni Fom tii na Fom foo, na wengine ni hawa wa Gredi ya 10, wale wa kwanza kabisa wa mtaala mpya, wameshachagua njia zao tayari, huyu sayansi, huyu sayansi ya jamii, huyu sanaa na michezo, miaka kumi na tano wameambiwa wachague na ukimuuliza kwa nini alichagua hivyo akwambia "rafiki yangu pia alichagua hiyo". Silaumu. Mie kwa umri huo nlikuwa siwezi hata kuchagua rangi ya leso.

Basi bila pojekta ikabidi niwaulize tu mwataka kuwa nani. Daktari, daktari, loya, injinia, daktari, rubani, injinia, mmoja akasema biznes, mmoja akasema yutuba wakamcheka. Injinia wa nini? "Injinia tu." Daktari wa nini? Kimya. Arobaini na mbili na hakuna hata mmoja aliyetaja kitu kinachoelea, na sote tumezaliwa kwenye mji huu ambao tangu zamani hauna shamba la maana wala mgodi, waishi kwa kinachoingia baharini na kinachotoka.

Yule aliyesema rubani ndiye aliyeniokoa. Nkamuuliza rubani wa nini, akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, "wa ndege, si wa ndege?" Nkamwambia neno lenyewe ni la baharini, ndege zimekuja kuliazima juzi tu. Meli kubwa ikitaka kuingia bandari ya Kilindini haijiingilii hivihivi. Nahodha wake huenda amezunguka dunia mara ishirini lakini mkondo wa hapa kwetu haujui, kwa hivyo boti ndogo yatoka kumlaki, mtu apanda kwa ngazi ya kamba ubavuni mwa meli nayo bado yatembea, aingia hadi kwenye usukani akae na nahodha amwongoze, hapa kata, hapa punguza mwendo, mpaka gatini. Huyo ndiye rubani, na meli kubwa haina ruhusa ya kuingia bila yeye. Ukumbi mzima ukanyamaza. Halafu mmoja akauliza, "na akianguka ile ngazi?" Nkajua sasa tunaongea.

Nkawaonyesha pia nguo zao. Kila bidhaa inayopita bandarini ina namba, dunia nzima zile sita za mwanzo ni zilezile, sisi Afrika Mashariki twaongeza mbili ziwe nane. Mitumba yaanza na 6309. Kijana mmoja wa Changamwe akashika kola ya shati lake akasema "kwa hivyo mimi ni 6309?" na tangu siku hiyo jina lake ni hilo, hata mwalimu humwita hivyo.

Jumamosi ya pili ndiyo nliyoipenda kuliko zote na haikutugharimu hata senti, manake feri kwa mwenda kwa miguu ni bure. Mwalimu aliwapanga makundi akawapa kazi moja: vukeni mpaka Likoni, hesabuni kazi mnazoziona, msimuulize mtu. Kwenda wakafika na sita, saba, aliyezidi ana tisa. Nahodha, wafunga kamba, askari, muuza karanga, mwenye mkokoteni. Tukakaa upande wa Likoni tukala mahindi ya kuchoma na pilipili na ndimu, mwalimu akaanza na maswali yake ya pole pole. Hayo maboya ya kujiokoa nani huyakagua kama bado yaelea? Injini iko wapi, na nani yuko chini kwenye lile joto? Nani aliamua magari yaingie mangapi? Hiyo kamera yatazamwa na nani? Ikiharibika chuma nani huingia chini ya maji kuangalia? Halafu akauliza kwa nini ule mlango wa feri sasa umelala vile, ilhali asubuhi ulikuwa umeinama zaidi.

Kijana mmoja wa Mtongwe, mkimya, hajafungua mdomo tangu siku ya kwanza, akasema ni bamvua. Babu yake mvuvi. Akaeleza vizuri tu, mwezi ukiwa mpya na ukiwa mpevu maji hujaa sana na hupwa sana, hiyo ndiyo bamvua, katikati yake maji huwa mafu, na ndio maana babu yake hatazami kalenda hutazama mwezi. Mwalimu akamwambia kuna watu hufanya kazi ya kulijua hilo, hupima maji, samaki, mchanga, matumbawe, wako pale Mkomani kwenye taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, iko tangu 1979, na babu yako wangemkaribisha chai. Kijana akatulia kidogo, akasema, "Kumbe kuna mshahara wa kujua bamvua?"

Nataka mulisome tena hilo swali.

Kurudi walihesabu kazi thelathini na moja. Kuna msichana wa Likoni ambaye huvuka kila siku ya Mungu kuja shule huku kisiwani, akasema yeye miaka yote alikuwa aona kitu kimoja tu, "wafanyikazi wa feri", kama vile ni mtu mmoja mwenye mikono mingi.

Tukiwa bado pale ng'ambo kuna kijana alisema kakake alitaka kuwa baharia, akampa ajenti elfu themanini ampandishe meli, ajenti akapotea na simu haishikwi. Kumbe wengine watatu nao wana kaka, wana binamu, hadithi ni moja. Hapo nkaona bora niache mzaha. Nkawaambia kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, wa 2006, Kenya imeutia saini, na mkataba huo wasema baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Mwenye meli ndiye hulipa. Utalipia pasipoti yako, cheti chako cha afya, kitabu chako cha ubaharia, na mafunzo ya usalama waweza kuyapata hapahapa, Bandari Maritime Academy iko Mombasa si London, na vyeti vya ubaharia vya Kenya vyatambulika duniani tangu 2010. Lakini mtu akikwambia nipe hela nikupandishe, huyo hana meli. Mwenye meli hahitaji elfu themanini za mamako.

Na kuhusu alama. Hapa nitachukua muda kidogo manake hili lina kidonda changu. Mie KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nlipata C. C tupu, bila mkia. Nyumbani ikawa kama matanga, mashangazi walikuja, mmoja kweli alikuja na sukari, baba hakuongea siku mbili, na mie nkakaa ndani mwaka mzima na nusu kwa sababu nliamini mlango umefungwa, chuo kikuu wataka C+ na mie sina. Hakuna mtu hata mmoja, si shuleni si nyumbani, aliyenambia dipuloma waingia na C-, satifiketi waingia na D, na hata aliye chini ya hapo kuna kozi za ufundi zinampokea. Mwaka mzima na nusu! Nkifua tu na kutazama tamthilia. Kwa hivyo nliwaandikia zile alama ubaoni kubwakubwa na nkawaambia wazipige picha, na nkaona wengine wakizipiga picha kwa ile namna ya mtu anayeficha sababu.

Jumamosi ya tatu tulipelekwa Tudor, chuo kikuu cha ufundi, TUM. Wengi hupita pale kwa matatu kila siku wanaona geti tu. Kile chuo kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, masomo yakaanza 1951, baadaye ikawa politekniki kwa miaka na miaka, ndiyo baba zetu bado waiita "Poli", na 2013 ikawa chuo kikuu kamili. Ustadh ndiye aliyeongoza hapo na ustadh ana hadithi yake moja aipendayo, ya Profesa Ali Mazrui.

Mwaijua? Mazrui mtoto wa hapahapa Mombasa, kazaliwa 1933, alifanya mtihani wa Cambridge wa wakati ule akapata daraja la tatu. Makerere ikamkatalia. Ndio, Makerere, ambako baadaye alikuja kuwa profesa. Basi akaajiriwa pale MIOME kazi ya ofisini, karani. Siku moja kwenye Maulidi akapewa nafasi ya kuhutubia, gavana wa Mwingereza yuko, gavana akapendezwa na kijana, akafuatilia, mwishowe Mazrui akapata skolashipu ya kwenda Huddersfield, Uingereza, 1955, kumalizia sekondari akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mbili amekaa darasani na watoto. Kutoka hapo Manchester, Columbia, daktari wa falsafa Oxford 1966. Alipofariki 2014 alirudishwa hapa, amelala makaburi ya kwao karibu na Fort Jesus.

Ustadh akamaliza kwa sauti ya hutuba, watoto wanaitikia kwa vichwa, mie mwenyewe machozi yako karibu. Halafu 6309 akainua mkono akasema, taratibu kabisa, bila ubishi: "Kwa hivyo hata yeye alikuwa na mtu. Alikuwa na gavana."

Wallahi hata ndege walinyamaza. Ustadh akafungua mdomo akaufunga. Akasema "lakini hotuba aliitoa yeye", na ni kweli, hotuba aliitoa yeye, lakini tulijua sote swali halijajibiwa limesogezwa tu.

Jioni hiyo ndiyo ilikuwa zamu ya ndoo. Mama wa kanisa alileta ndoo tupu ya rangi, watoto waandike maswali wasiyoweza kuuliza kwa mdomo, waitumbukize, sisi wageni tuvute tujibu. Wazo zuri kuliko yote ya programu nzima kama waniuliza, manake maswali ya mdomo yote huwa ni "una ushauri gani kwa vijana". Ya ndoo yalikuwa hivi: walipwa ngapi. Kazini wapewa chakula? Nkivaa nikabu nitaajiriwa? Kama hesabu sijui kabisa kabisa kuna kazi? Baba ataka niwe daktari na mie nkiona damu naanguka, nifanyeje? Mwanamke akishika mimba wamfuta? Hilo la mimba nlilivuta mimi nkalijibu bila kusita, sheria ya ajira ya 2007 yakupa miezi mitatu kwa mshahara kamili na kukufuta kwa sababu hiyo ni kosa, na nkawaambia pia kuna mabosi wanaoijua sheria hiyo vizuri sana na bado hujaribu, kwa hivyo weka barua zako zote.

Halafu nkavuta kile cha bairo nyekundu. Nkakisoma kimoyomoyo. Mwalimu akasema soma kwa sauti. Nkampa asome yeye.

Nliweza kudanganya. Kuna jibu la kawaida, bidii na maombi, ukumbi ungepiga makofi twende zetu. Lakini nlikuwa nimemsikia 6309 asubuhi na nkaona aibu. Nkasema: ami yangu. Ami alikuwa dereva wa lori, alimjua mwenye ofisi moja ya klaring, akanipeleka kwa mkono wake siku ya Jumatatu amevaa kanzu kama twaenda kuposa, akasema huyu mtoto wa ndugu yangu mpeni chochote. Wakanipa kupeleka makaratasi, shilingi mia tatu kwa siku, mwaka 2011. Sikufanyiwa intavyu. Kulikuwa na wasichana wengine mtaani werevu kunishinda ambao hawakuwa na ami mwenye lori. Hiyo ndiyo kweli.

Nkaendelea kwa sababu nshaanza. Nkawaambia na 2019, wakati makontena yalikuwa yapakiwa kwa reli moja kwa moja yakatolewe Nairobi, mwakumbuka watu hapa wakiandamana kila Jumatatu, ofisi ile ikapunguza watu nami nkapunguzwa. Ami alikuwa ameshafariki. Sikuwa namjua mtu. Miaka mitatu na ushei nliuza viazi karai na achari nje ya geti letu, na nliuza vizuri tu msinionee huruma, ukwaju wangu watu walikuwa waujia kutoka Bombolulu. Serikali mpya ilipoingia Septemba 2022 ikaamua mizigo irudi kutolewa huku, na mwaka uliofuata nkapigiwa simu na mteja wa Kampala, mzee mmoja wa vipuri, zamani niliwahi kushika kosa kwenye makaratasi yake kabla hayajaingia kwa sistemu, akawaambia ofisi anayoitumia sasa, mtafuteni yule binti.

Nlidhani hapo nimemaliza vizuri. Sauti ikatoka nyuma: "Kwa hivyo huyo wa Kampala ndiye mtu wako wa pili."

Sikuwa na jibu. Nkacheka, wakacheka, mwalimu akavuta kikaratasi kingine. Lakini usiku sikulala manake yule mtoto hakuwa akinidharau, alikuwa afanya hesabu tu. Yeye ahesabu watu anaowajua wenye kazi, na wako wangapi? Babake kibarua, jirani boda, mjomba kibarua. Twaita watoto kwenye ukumbi twawaambia ndoto ni zako, huku wao washajua kwamba mlango una bawabu na bawabu ana watu wake. Tangu lini tukawa twadhani hawaoni?

Sasa uongozi. Nitasema haraka. Mgeni wa uongozi alikuwa mheshimiwa fulani mdogomdogo, alifika Jumamosi ya nne amechelewa masaa mawili, akaongea dakika hamsini juu ya nidhamu na kuheshimu wakati, mie nkahesabu miayo nkaishia kumi na tisa. Akaondoka na watu wake kabla ya chakula, alhamdulillahi, manake chakula kilikuwa hakitoshi.

Na hapo ndipo penyewe. Mpishi alileta pilau sahani thelathini na sita. Watu walikuwa hamsini na moja ukitutia sisi. Wakubwa wote tukatoka nje kufanya mkutano, huyu ampigia mpishi, huyu apiga hesabu ya chapati za dukani, huyu asema wavulana wangoje, vijana wa kamati washaanza kutupiana lawama nani aliandika namba. Robo saa nzima. Tuliporudi ndani viti vimesogezwa ukutani, mkeka wa madrasa ulio kwenye stoo umetandikwa, na yule msichana wa Likoni, yule wa mtu mmoja mwenye mikono mingi, amekwenda nyumba ya jirani ambaye hata hamjui akabisha hodi akaazima masinia kumi. Sahani zote zimemwagwa kwenye masinia, kachumbari katikati, ndizi zimekatwa vipande, watoto wamekaa watanotano, wasichana upande huu wavulana upande ule, na yeye asimama na mtungi na bakuli anawanawisha. Sinia moja limebaki mezani limefunikwa, "hili lenu wakubwa." Hakuna aliyekosa na hakuna aliyejua kama kulipungua, ukila sinia huwezi kuhesabu kijiko cha mwenzio.

Nkamuuliza nani amekwambia ufanye hivi. Akanambia, "Hakuna. Nyumbani tuko tisa."

Saa kumi vyeti vikagawiwa. Cheti cha kiongozi bora kikaenda kwa mvulana wa mbele aliyekuwa akiinua mkono kila mara, kilichapishwa tangu Alhamisi, jina lishaandikwa. Nliwaambia wenzangu papohapo na nawaambia tena hapa, hiyo haikuwa sawa, na musinambie ati ni mambo madogo, yule msichana alibaki akisugua masinia ya watu huku wenzake wapigwa picha.

Lakini kuna kitu kimoja tulikubaliana baada ya ile ndoo. Hotuba tupunguze. Kila mmoja wetu aliyekuja kuongea achukue mtoto mmoja au wawili siku moja kazini, siku nzima, waone hata ile sehemu ya kuchosha. Nauli tutachanga. Nliomba ruhusa ofisini, bosi akanung'unika akakubali, na Alhamisi iliyopita 6309 akaja, saa moja na dakika kumi yuko mlangoni, amechomekea shati, viatu vya kakake vimemzidi.

Nkamkalisha kando yangu. Nkamwonyesha ankara, orodha ya mizigo, hati ya meli, namna ya kulinganisha namba ya sili ya kontena kwenye karatasi tatu tofauti, yote. Kufika saa tano alikuwa apiga miayo. Saa saba tulipokwenda kula mahamri na mbaazi akanambia kwa adabu sana, "Dada, usikasirike, lakini hii kazi yako mie siitaki. Ni kusoma tu kutwa."

Nilikasirika kama dakika moja hivi. Halafu nkakumbuka kuna watu waligundua hilo baada ya miaka minne ya chuo na mkopo wa masomo wa HELB juu, yeye amegundua kwa nauli ya shilingi mia. Mchana akapotea, kumtafuta nkamkuta chini, uani, ameinama kwenye boneti ya lori na fundi wa umeme wa magari, amemshikia tochi, shati la 6309 lishakuwa jeusi, amuuliza yule mzee maswali kumi kwa dakika na mzee amjibu. Jioni mzee akanambia mlete tena Jumamosi. Kwa hivyo sasa ana fundi. Nani aliandika kile kikaratasi sijui na sikumuuliza mtu.

Awamu ya pili ni likizo ya Agosti. Masinia tushapata yetu, msichana wa Likoni yuko kwenye kamati na ndiye ameshika daftari la chakula. Nesi tunao wawili, fundi wa kontena za friji amekubali, mpishi wa hoteli ya kule Nyali asema atakuja kama si wikendi. Tunachokosa ni rubani. Yule mtoto wa siku ya kwanza kila nkikutana naye aniuliza, dada yule mtu wa ngazi ya kamba umempata? Nimepiga simu nne na kila niliyempigia amenambia ngoja nikuulizie, kuna mtu namjua. Basi wewe usomaye hapa, kama wamjua rubani wa meli, au wamjua mtu anayemjua, niandikie. Nauli yake tutachanga na pilau safari hii imehesabiwa.